Mizani ya Ulaya Mbele ya China



Tarehe 27 Juni 1989 wakuu wa nchi kumi na mbili za Jumuiya ya Ulaya walimaliza mkutano wao mjini Madrid kwa kutoa tamko kali. Majuma matatu tu yalikuwa yamepita tangu majeshi ya China yaingie katikati ya Beijing kwa vifaru na kuwapiga risasi wanafunzi na wafanyakazi waliokuwa wakidai mageuzi. Hesabu ya waliokufa ingali inabishaniwa. Viongozi wa Ulaya wakakata shauri kwamba silaha zisiuzwe tena China, ushirikiano wa kijeshi ukome, ziara za mawaziri zisimamishwe, miradi mipya ingoje, na hata mikopo mipya ya Benki ya Dunia iahirishwe. Haukupita mwaka na nusu, karibu hatua zote hizo zikawa zimekwisha ondolewa. Kufikia Oktoba 1990 kilichosalia hasa kilikuwa kikwazo cha silaha, nacho kipo mpaka leo, ingawa kila nchi hukitafsiri kwa namna yake.

Historia yote iliyofuata imo katika matukio hayo mawili, la hasira ya Juni na la usahaulifu wa Oktoba. Inafaa basi kuchunguza Ulaya hutumia kipimo gani kupima haki za binadamu pale inapokabiliana na mshirika wa biashara asiyetishika kwa urahisi. Jambo hilo lina maana kwa watu wa nchi ndogo pia, kwa sababu kipimo hicho hicho huletwa kwao, na kwao huletwa kwa ukali zaidi.

Uhusiano rasmi kati ya Jumuiya ya Ulaya na Jamhuri ya Watu wa China ulianza mwaka 1975. Mkataba wa kwanza wa biashara ulitiwa saini mwaka 1978, na mwaka 1985 ukafuata mkataba mpana zaidi wa biashara na ushirikiano wa kiuchumi. Wakati huo China ilikuwa imetoka juzi tu katika misukosuko ya Mapinduzi ya Utamaduni, na wafanyabiashara wa Ulaya waliitazama kama soko la kesho. Kesho hiyo imefika kwa njia ambayo hawakuitazamia. Mwaka 2024 nchi za Umoja wa Ulaya ziliiuzia China bidhaa za thamani ya Euro bilioni 213 hivi, nazo zikanunua kutoka huko bidhaa za Euro bilioni 518 hivi. Tofauti yake ni zaidi ya Euro bilioni 300 katika mwaka mmoja. Sumaku za madini adimu, ambazo bila hizo kiwanda cha magari cha Ujerumani husimama, karibu zote hutoka China. Vivyo hivyo kwa mitambo ya umeme wa jua inayowekwa juu ya mapaa ya Ulaya.

Sasa, mkataba unaotawala uhusiano huo mkubwa ungali ule ule wa mwaka 1985, na ndani yake hamna hata neno moja linalofunga biashara na haki za binadamu. Tangu mwaka 1995 Ulaya imeweka kanuni kwamba mikataba yake na nchi za nje iwe na kifungu kinachozitaja haki za binadamu kuwa msingi wa mkataba, ili msingi ukivunjwa mkataba nao uweze kusimamishwa. Mazungumzo ya kutafuta mkataba mpya na China, wenye kifungu cha namna hiyo, yalianzishwa mwaka 2007. Yalikwama, na kifungu hicho ni mojawapo ya sababu. China haikukubali kuandikiwa sharti, na Ulaya haikuwa tayari kusema kwamba bila sharti hakuna biashara.

Waafrika wanakifahamu kifungu hicho vizuri. Kilikuwamo katika Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000, uliotiwa saini kati ya Ulaya na nchi za Afrika, Karibiani na Pasifiki, na utaratibu wa kukitumia ulikuwa katika kifungu cha 96. Burundi iliuonja utaratibu huo. Baada ya machafuko ya mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulisimamisha Machi 2016 misaada iliyokuwa ikipitia moja kwa moja katika serikali ya Bujumbura, na hatua hiyo haikuondolewa mpaka Februari 2022. Kambodia nayo, iliyokuwa ikiuza Ulaya nguo na viatu bila ushuru, ilinyang'anywa sehemu ya nafuu hiyo Agosti 2020, kiasi cha moja ya tano ya mauzo yake huko, kwa sababu ya kukandamizwa kwa upinzani na vyama vya wafanyakazi.

Haisemwi hapa kwamba Burundi au Kambodia zilionewa. Watu walikufa katika mitaa ya Bujumbura, na aliyefiwa hana sababu ya kumlaumu mgeni aliyekataa kunyamaza. Kinachosemwa ni kwamba sheria ambayo humshika mwenye duka la chumba kimoja ikamwacha mwenye ghala huwafundisha wote wawili jambo baya. Mdogo hujifunza kwamba kosa lake ni udogo. Mkubwa hujifunza kwamba ukubwa ni kinga.

Mfano ulio wazi zaidi wa kinga hiyo ulionekana Geneva mwaka 1997. Tangu mwaka 1990 nchi za Magharibi zilikuwa zikipeleka karibu kila mwaka azimio la kuilaumu China mbele ya Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na desturi ilikuwa nchi za Ulaya ziliunge mkono kwa pamoja. Mwaka huo Ufaransa ilijitoa. Ujerumani, Italia na Hispania zikaifuata. Uholanzi, iliyokuwa mwenyekiti wa Umoja wa Ulaya, ilibaki bila msimamo wa pamoja wa kuuwakilisha. Denmark, nchi ya watu wasiozidi milioni sita, ikaamua kulipeleka azimio hilo yenyewe. Msemaji wa Wizara ya Mambo ya Nje ya China alionya kwamba azimio hilo lingekuwa jiwe la kuwaangukia Wadenmark vichwani. China iliomba Kamisheni isilijadili kabisa, nayo ikakubaliwa kwa kura 27 dhidi ya 17, na tisa hazikuegemea upande. Mwezi uliofuata, Mei 1997, Rais Jacques Chirac wa Ufaransa alifika Beijing na kupokewa kwa heshima kubwa. China ikaagiza ndege 30 za Airbus.

Hakuna haja ya kudai kwamba ndege zilinunuliwa kwa kura. Serikali haziandikiani hati za namna hiyo. Mwaka uliofuata, hata hivyo, Umoja wa Ulaya wote uliamua kutopeleka wala kuunga mkono azimio lolote la aina hiyo. Badala yake zilitajwa njia nyingine zenye adabu zaidi, na kubwa kati yake ni mazungumzo ya faragha kuhusu haki za binadamu, ambayo yalikuwa yamekwisha anzishwa mwaka 1995.

Mazungumzo hayo yangali yanaendelea, na Juni 2025 yalifanyika Brussels kwa mara ya 40. Maofisa huketi mezani, orodha ya majina ya wafungwa husomwa, upande wa pili hujibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya China, na baadaye hutolewa taarifa fupi. Mazungumzo si kitu cha kudharauliwa, maana zipo nyakati ambapo jina likitajwa mezani mfungwa hupata daktari au barua. Tena China ilitia saini mikataba miwili mikubwa ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa, mmoja mwaka 1997 na mwingine mwaka 1998, wakati mazungumzo haya yalipokuwa yakitiliwa matumaini. Ule wa haki za kiuchumi, kijamii na kiutamaduni iliuridhia mwaka 2001. Ule wa haki za kiraia na kisiasa haijauridhia hata sasa. Mazungumzo yasiyo na tarehe ya mwisho wala gharama kwa asiyetekeleza huwa mwishowe kazi ya kudumu kwa maofisa na kisingizio kwa mawaziri. Waziri anayekwenda Beijing na wakuu wa makampuni nyuma yake huweza kuwajibu waandishi wa habari kwamba suala la haki linashughulikiwa kwingineko.

Udhaifu mwingine wa Ulaya ni wa nyumbani. Katika mambo ya nje Umoja huo husema kwa sauti moja pale tu nchi zote zinapokubaliana, na China haihitaji kuzishawishi zote. Mwaka 2016, Ugiriki ikiwa imebanwa na madeni na kushurutishwa na wenzake wa Ulaya kuuza mali ya taifa, kampuni ya COSCO, mali ya dola ya China, ilinunua asilimia 51 ya hisa za mamlaka ya bandari ya Piraeus. Juni 2017 Ugiriki ilizuia tamko la Umoja wa Ulaya kuhusu haki za binadamu nchini China lililokuwa lisomwe Geneva. Mwaka 2021 Hungaria ilizuia tamko kuhusu Hong Kong. Wengi wa Ulaya ya Kaskazini waliwalaani Wagiriki kwa hilo. Hawakukumbuka sana ni nani aliyewaambia Wagiriki wauze bandari.

Kwa nchi iliyosimama peke yake, adhabu ya Beijing huja haraka. Oktoba 2010 Kamati ya Nobel ya Norway ilimtunukia tuzo ya amani Liu Xiaobo, mwandishi na mhadhiri aliyekuwa akitumikia kifungo cha miaka 11 kwa maandishi yake. Kamati hiyo haiko chini ya serikali ya Norway, lakini ni serikali iliyoadhibiwa. Mikutano ya mawaziri ilikatwa. Samaki aina ya samoni kutoka Norway, waliokuwa zaidi ya asilimia 90 ya samoni wabichi walionunuliwa na China mwaka 2010, walishuka chini ya asilimia 30 kufikia nusu ya kwanza ya mwaka 2013, kwa ukaguzi wa afya uliokuwa mkali kwao kuliko kwa wengine. Desemba 2016 uhusiano ulirudishwa kwa tamko la pamoja ambamo Norway iliahidi kutounga mkono hatua zinazodhuru maslahi ya msingi ya China. Julai 2017 Liu Xiaobo alifariki angali chini ya ulinzi, na maneno ya serikali ya Oslo siku ile yalikuwa machache na ya uangalifu mwingi.

Lithuania, yenye watu wasiofika milioni tatu, iliruhusu Novemba 2021 ofisi ya Taiwan ifunguliwe Vilnius kwa jina la Taiwan. Suala hilo ni la mamlaka ya dola zaidi kuliko la haki za binadamu, lakini jibu la China linafaa kuangaliwa. Desemba ile wafanyabiashara walikuta kwamba Lithuania haimo tena katika mitambo ya forodha ya China, kana kwamba nchi hiyo haijapata kuwako. Kwa kuwa mauzo ya Lithuania kwa China yalikuwa kiasi cha asilimia moja tu ya mauzo yake yote, shinikizo lilielekezwa kwa makampuni ya Ujerumani yanayotumia vipuri vya Lithuania. Ulaya ilipeleka mashtaka katika Shirika la Biashara Duniani Januari 2022, ikaomba yasimamishwe Januari 2024, na mwaka mmoja baadaye yakafa yenyewe. Faida iliyobaki ni sheria ya kujikinga na vitisho vya kiuchumi iliyoanza kutumika Desemba 2023, ambayo haikumgusa mtu yeyote katika miaka yake miwili ya mwanzo.

Hata hivyo, hofu ya Ulaya imezidi ukubwa wa adhabu yenyewe. Wachumi wawili wa Ujerumani, Andreas Fuchs na Nils-Hendrik Klann, walichunguza takwimu za biashara za miaka 1991 hadi 2008 ili kuona nini huzipata nchi ambazo viongozi wake wakuu hukutana na Dalai Lama. Waliona kwamba mauzo yao kwa China hupungua kweli, hasa ya mitambo, na hasa katika miaka ya baada ya 2002. Lakini waliona pia kwamba upungufu huo hutoweka katika muda wa miaka miwili hivi. Kansela Angela Merkel alimpokea Dalai Lama ofisini mwake Septemba 2007, na China ikakasirika. Rais Nicolas Sarkozy alikutana naye Gdańsk Desemba 2008, na kwa sababu hiyo China ilivunja mkutano wake wa kilele na Ulaya uliokuwa ufanyike Lyon. Baada ya hapo magari ya Ujerumani na ndege za Ufaransa ziliendelea kununuliwa, kwa sababu China nayo ilizihitaji. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na mkono wa Ulaya haujapata kuwa mtupu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. China inayo hoja, na ni hoja inayosikika vizuri Afrika. Mataifa yanayoifundisha leo ustaarabu ndiyo yaliyoipiga vita kati ya 1839 na 1842 ili iruhusu kasumba kuuzwa, na mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yakaipora Kasri ya Kiangazi nje ya Beijing, kisha Waingereza wakaichoma. Katika waraka wake wa mwaka 1991 serikali ya China ilieleza kwamba haki ya kwanza ni ya kuishi na kupata riziki, na kwa hesabu za Benki ya Dunia watu karibu milioni 800 wametoka katika ufukara tangu mwaka 1978. Waliosafiri kwa reli ya TAZARA kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kilometa 1,860, hawahitaji kuambiwa ni nani aliyeijenga baada ya wafadhili wa Magharibi kukataa. Ndiyo maana, lilipopigwa kura Geneva tarehe 6 Oktoba 2022 pendekezo la kujadili tu taarifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu Xinjiang, lilishindwa kwa kura 19 dhidi ya 17, na katika Afrika nzima ni Somalia peke yake iliyoliunga mkono.

Lakini hoja hiyo ina mpaka. Katiba ya China yenyewe, tangu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2004, inasema kwamba dola huheshimu na kulinda haki za binadamu. Liu Xiaobo alikuwa Mchina. Ilham Tohti, aliyekuwa mwalimu wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Minzu mjini Beijing, ni raia wa China wa kabila la Uyghur. Alikuwa akiandika kwamba Wauyghur na Wahan wanaweza kuishi pamoja iwapo sheria za nchi kuhusu maeneo yenye utawala wa ndani zitatekelezwa. Septemba 2014 alihukumiwa kifungo cha maisha. Mwaka 2019 Bunge la Ulaya lilimpa Tuzo ya Sakharov, ambayo hakuweza kuipokea. Kwa walimu waliomo humu, si vigumu kuelewa uzito wa hukumu hiyo. Mtu alifundisha darasani, akaandika, akadai sheria iliyopo itekelezwe, naye akafungwa asitoke tena. Kusema kwamba madai yake ni bidhaa ya mabeberu ni kumnyima hata ile haki ya kuwa Mchina.

Mambo ya Xinjiang ndiyo yaliyoiweka mizani ya Ulaya hadharani. Tarehe 30 Desemba 2020 Kansela Merkel, Rais Macron na wakuu wa Umoja wa Ulaya walitangaza pamoja na Rais Xi Jinping kwamba makubaliano ya uwekezaji yamefikiwa baada ya mazungumzo ya miaka saba. Kuhusu kazi ya shuruti China iliahidi tu kwamba itafanya juhudi kuelekea kuridhia mikataba ya kimataifa ya kazi. Wakati huo habari za kambi za Wauyghur zilikuwa zimekwisha enea dunia nzima. Tarehe 22 Machi 2021 mawaziri wale wale wa Ulaya waliwawekea vikwazo maofisa wanne wa Xinjiang na idara moja ya usalama, vikwazo vya kwanza vya namna hiyo tangu 1989. China ilijibu siku ile ile kwa kuwawekea vikwazo watu kumi na taasisi nne, wakiwamo wabunge wa Bunge la Ulaya. Katika juma hilo hilo bidhaa za kampuni ya H&M, iliyokuwa imesema mwaka uliotangulia kwamba inahofia pamba ya Xinjiang, zilitoweka katika maduka makubwa ya mtandaoni ya China.

Hapo wabunge walifanya jambo ambalo mawaziri wasingelifanya. Tarehe 20 Mei 2021, kwa kura 599 dhidi ya 30, walikataa kuyashughulikia makubaliano ya uwekezaji mpaka vikwazo dhidi yao viondolewe. Lilikuwa pigo la haki kwa biashara, ingawa mtu mkweli atakiri kwamba kilichowaudhi wabunge kuliko chote kilikuwa heshima yao wenyewe. China iliwaondolea wabunge hao vikwazo mwaka 2025. Makubaliano yangali kabatini. Na kampuni ya Volkswagen, ambayo pamoja na mshirika wake wa Kichina ilifungua kiwanda Urumqi mwaka 2013, ilijitoa Novemba 2024 na kutaja sababu za kiuchumi.

Hatua yenye uzito zaidi kwa sasa ni sheria inayopiga marufuku kuuzwa Ulaya kwa bidhaa yoyote iliyotengenezwa kwa kazi ya shuruti. Ilipitishwa mwaka 2024, na itaanza kutumika tarehe 14 Desemba 2027. Haiitaji China kwa jina. Marekani, kwa sheria yake iliyoanza kutumika Juni 2022, huhesabu kwamba kila kitokacho Xinjiang kimetokana na shuruti mpaka mwenye mali athibitishe vingine. Ulaya imechagua kinyume chake, na mzigo wa kuthibitisha umewekwa juu ya wakaguzi. Kwa makosa yanayotendeka nje ya Ulaya, uchunguzi utaongozwa na Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, ambayo haina njia ya kuingia katika viwanda vya Xinjiang bila idhini ya wakuu wa China. Xinjiang hutoa kiasi cha moja ya tano ya pamba ya dunia, na sehemu kubwa ya madini yanayotumika katika mitambo ya umeme wa jua. Uamuzi ukishatolewa, utekelezaji utakuwa wa maofisa wa forodha. Watakuwa Rotterdam, Hamburg na Antwerp, na wengine watakuwa Piraeus, wakifungua makontena katika bandari ambayo wenye hisa nyingi zaidi ni dola ya China.